Fonti zinavurugika kwenye LibreOffice Writer: usiifute programu, iulize fontconfig

Ndugu, umesema barua unazoletewa kutoka Windows ukizifungua kwenye Linux Mint kurasa zinaongezeka, irabu za Kiarabu zinalaliana, na LibreOffice umeshaifuta ukaiweka upya, wapi. Kuifuta hakusaidii kwa sababu Writer huuliza mfumo fonti ziko wapi, na anayejibu kwenye Linux ni fontconfig, yaani programu ya mfumo inayotafuta na kugawa fonti. Tatizo litafute huko.

Mimi nachapa makaratasi ya watu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na jambo hili silikosi, hasa kwenye barua za madrasa na kadi za harusi. Kwanza fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

fc-match Calibri

Ukijibiwa Carlito, shwari. Herufi zake zimechongwa kwa upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Ukijibiwa DejaVu Sans, umeshampata mchawi. Fonti hiyo ni pana: barua ya ukurasa mmoja inamwagikia wa pili, na sahihi ya mwenyekiti inabaki huko peke yake. Weka hizi:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Caladea hushika nafasi ya Cambria. Times New Roman na Arial zina Liberation Serif na Liberation Sans, ambazo mara nyingi zimo tayari. Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuifanya fonti ya kawaida ya Word mwaka 2023, fonti hizi haziwezi kushika nafasi yake. Kama kazi ni kuchapa tu, mwambie mteja akuletee PDF.

Kama fonti umeiweka mwenyewe na Writer haiioni, angalia ruhusa kwa ls -l. Ukiona -rw------- na mwenye faili ni root (msimamizi wa mfumo), basi wewe huruhusiwi kuisoma, na Writer unayoiendesha wewe haiisomi pia. Ipe sudo chmod 644, folda yake 755, kisha fc-cache -f ili orodha ya fonti isomwe upya, ufunge madirisha yote ya LibreOffice na kuifungua tena. Mimi naona heri kuziweka kwenye ~/.local/share/fonts, huhitaji sudo kabisa. Na kama ni zile za zamani za Type 1, zenye .pfb, usihangaike: LibreOffice iliacha kuzitumia tangu toleo la 5.3.

Kiarabu ndicho kinachonigusa zaidi. Kadi nyingi za harusi huku kwetu hubeba aya ya 21 ya Suratur Rum, na shadda ikipandana na fatha, aya haisomeki sawasawa. Hilo si la kuachia. Weka fonts-hosny-amiri, upate Amiri, naskhi iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo. Kisha jua kwamba Writer hutunza fonti ya Kilatini na ya Kiarabu mbalimbali. Washa CTL (sehemu ya maandishi kama Kiarabu) kwenye mipangilio ya lugha, ingia dirisha la muundo wa herufi, uchague Amiri upande wa CTL. Ukibadilisha upande wa Kilatini peke yake, aya itabaki vilevile.

Kazi ikienda kwa mpiga chapa mwingine, usimpe .docx. Toa PDF, uikague kwenye terminali kwa amri ya pdffonts, na kwenye safu ya emb (fonti imo ndani ya PDF au la) kila fonti iandikwe yes. Palipo na no, mashine yake itaweka fonti inayoitaka yenyewe.