Miongozo yote imepata 9 kwa 10, mbona wakala anaboronga?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko vijana wanne hapa Arusha, tunatengeneza wakala wa akili unde wa kukata tiketi za mabasi. Mteja anaandika ujumbe, wakala anatafuta basi, anashika kiti, anapokea malipo. Zana anazotumia ni za watu wengine, na kila moja ina mwongozo wake. Bosi anataka tupime ubora wa miongozo hiyo kabla hajalipia mwaka mzima. Tuliipa akili unde nyingine iisome na kutoa alama, yote mitano ikapata 9 kwa 10. Wakala wetu bado anaboronga. Tupime vipi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Hizo tisa ziwekeni kando. Mliuliza kama miongozo imeandikwa vizuri, mkajibiwa kwamba imeandikwa vizuri. Mimi ningeuliza wakala anafanya nini akifika mahali ambapo mwongozo umenyamaza. Sisi tukikwama tunampigia mwenzetu simu. Wakala anapiga ramli, tena bila kusita.

Niliwahi kusaidia kampuni moja ya vifurushi, jina nalihifadhi. Zana yao ya kupanga gari ilikuwa na sehemu ya kujaza inayoitwa “muda”, na maelezo yake yote yalikuwa “muda wa kuchukua mzigo”. Mteja akaandika: njooni kesho saa mbili asubuhi. Wakala akajaza 02:00. Simu ya dereva ikalia saa nane usiku, naye akanipigia mimi. Aliyoniambia hayachapiki hapa. Mwongozo ule ulikuwa na kurasa arobaini na michoro ya rangi, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema saa iandikwe kwa mtindo gani. Tuliongeza maneno haya: “Andika hivi: 2025-03-14T08:00+03:00. Saa ya Kiswahili igeuzwe kwanza, saa mbili asubuhi ni 08:00. Mteja asipotaja asubuhi au usiku, muulize.” Dereva akalala.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukueni jumbe ishirini za wateja wenu kama zilivyo, na makosa yao ya tahajia, mfute majina na namba za simu. Zichagueni zenye utata: “kesho kutwa”, “watu wawili na mtoto”, namba inayoanza na 07 wakati zana inataka 255. Mpeni wakala mwongozo peke yake, katika mazingira ya majaribio, kila ujumbe mara tano, maana leo anaweza kupatia na kesho akakosea swali lilelile. Halafu msiishie kuhesabu alizopatia. Someni alichotuma kwenye zana, na kila alichojaza bila kukitoa kwa mteja wala kwenye mwongozo, kipigieni mstari. Mwongozo umepwaya hapo, hata kama safari hiyo alibahatisha. Rekebisheni sentensi hiyo moja tu, mrudie. Kosa likiisha, lilikuwa la mwongozo. Likibaki, msimsumbue mwandishi wake, tafuteni kwingine.

Kwenye pesa kuweni wagumu zaidi. Kama mabasi yenu yanafika Kampala, kumbukeni kwamba katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Uganda haina senti, ila za Kenya na Tanzania zina tarakimu mbili za senti. Mwongozo wa Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, unasema wazi kwamba ukitaka kutoza shilingi 5 za Uganda, utume 500, kana kwamba senti zipo, na unataja sababu: mfumo wao wa zamani ulihesabu hivyo. Ni utaratibu wa ajabu, lakini umeandikwa na mfano upo. Mimi nauthamini mwongozo huo kuliko ule wenye lugha tamu unaoishia kusema “kiasi: namba”.

Halafu, mlipima maandishi yapi? Kama zana zenu zinapitia MCP, ile itifaki ya kuunganisha akili unde na zana ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, wakala anapewa jina la zana, maelezo yake mafupi na muundo wa vitu vya kujaza. Kurasa zile nzuri za tovuti huenda hajawahi kuziona. Na msikimbilie kumrundikia zote, kila neno mnalilipia kwa tokeni, yaani vile vipande vya maneno ambavyo akili unde huhesabia bei, na zana mbili zenye majina kama “tafuta_safari” na “tafuta_basi” zitamchanganya vilevile. Jumbe za makosa nazo mzihesabu kama sehemu ya mwongozo. “Ombi batili” haimwambii kitu, atarudia kosa lilelile mpaka salio liishe. “Tarehe imepita, tuma ya leo au ya mbele” anaielewa mara moja.

Bosi akidai namba, mpelekeeni hii: kati ya majaribio 100 kwa kila zana, mangapi yalikwenda sawa bila ramli, pamoja na orodha ya ramli zenyewe. Anzeni na zana ya malipo. Kiti kilichokosewa mtambadilishia abiria palepale stendi, ila hela ikishakwenda kwa mtu mwingine mtaifuatilia wiki nzima.