Mwili wa mtu mzima, akili ya kitoto: nilivyomlea Maine Coon hapa Tanga

Mdogo wangu, umesema paka wako dume wa aina ya Maine Coon ana miezi saba, kilo nne na nusu, usiku anawarukia miguu kitandani, hataki kupakatwa, na shemeji kasema huyo paka ni mkali arudishwe alikotoka. Tafadhali usimrudishe. Mimi niko Chumbageni, wa kwangu tunamwita Bonge, mwaka huu anaingia wa nne, na hayo uliyoyaandika nimeyapitia yote.

Kinachowachanganya ni ukubwa wake. Paka wetu wa mtaani akifikisha mwaka keshakuwa mtu mzima, jike keshazaa. Maine Coon anaendelea kukua hadi miaka mitatu, minne, wengine hata mitano, na dume aliyekomaa kuwa na kilo sita hadi nane ni kawaida. Kwa hiyo huyo wa miezi saba, ambaye keshawapita paka wote wa jirani, ni mtoto. Wageni wakija kwangu walikuwa wanaona jitu zima limelala, wanategemea utulivu, mara linaruka kudaka ncha ya khanga. Wanasema mkorofi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miezi kadhaa, na nilimgombeza kwa mambo ambayo ni utoto mtupu. Hilo bado linaniuma.

Bonge alikuja ana wiki nane. Aliyeniuzia alisema maadamu anakula mwenyewe, basi yuko tayari. Baadaye ndipo nikajua kitoto kinatakiwa kikae na mama na nduguze hadi wiki kama kumi na mbili, kwa sababu ndiko kinakojifunza kipimo cha meno: akimng'ata nduguye kwa nguvu, nduguye analia na mchezo unakatika. Bonge aliikosa sehemu ya somo hilo, nami nikaharibu zaidi kwa kumchezesha na vidole. Alipokuwa anaenea kiganjani, kung'atwa kwake kulikuwa raha.

Akafika miezi sita. Jioni moja nimekaa barazani napeta mchele, mkono unakwenda na kurudi kwenye ungo. Namwona yuko chini ya kiti, mkia unapiga sakafu kushoto kulia, mboni zimetanuka hadi macho yamekuwa meusi tii, kiuno kinatikisika. Kabla sijauondoa mkono, keshaukumbatia kwa miguu ya mbele, ya nyuma inarusha mateke. Mchele wote chini, na kovu ninalo hadi leo. Lakini masikio yake hayakulala nyuma, manyoya hayakusimama, hakutoa hata sauti ya kufoka. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anawinda kitu ambacho mimi mwenyewe nilimfundisha kuwa ni windo. Mchunguze wako kwa ishara hizo hizo kabla hamjamwita mkali.

Tangu siku ile mikono ikatoka kwenye mchezo, kwa kila mtu nyumbani, wajomba wanaokuja Ijumaa wakiwemo. Akikudaka, usivute wala usimpige. Tulia kama gogo, akilegeza inuka uondoke. Mchezo ni fimbo yenye uzi na kitambaa mwishoni, dakika kumi, kumi na tano, kabla hamjalala. Mwache akidake mwishoni, kisha mpe chakula. Paka kwa maumbile huchangamka alfajiri na magharibi, na akishawinda na kula, hujilamba akalala. Kwangu ilichukua kama wiki tatu, usiku ukatulia. Makucha nayo yanahitaji pa kwenda: funga kamba ya katani kwenye nguzo, iwe ndefu kiasi cha yeye kusimama na kujinyoosha wima, na isiyumbe. Sisi wa Tanga kamba hiyo hatuitafuti mbali.

Kupakatwa sasa. Wengi wa aina hii si paka wa mapajani, na si kwamba hawakupendi. Bonge ananifuata jikoni, ananifuata uani nikifua, nikitawadha anakaa kando ya ndoo na kuchovya mkono kwenye maji. Halii nyau kama wengine, ana kisauti cha kutetema, prrru, kama anakuuliza swali. Ukimnyanyua kwa nguvu anakakamaa. Ukikaa chini mwenyewe, atakuja kulala akiwa amegusisha mgongo kwenye mguu wako, na kwa paka wa namna hii hayo ni mapenzi makubwa. Mlipe kwa kumkuna shavuni, halafu mwache.

Kama hajahasiwa, fanyeni haraka. Kuanzia umri huo dume anaweza kuanza kukojolea kuta na kulia mlangoni, na harufu ile haitoki kwa sabuni ya kawaida. Daktari wa mifugo atamwangalia, na chanjo ya kichaa cha mbwa kama hajapata ndiyo nafasi yake.

Halafu kuna joto, ambalo watu hulichukulia kuwa tabia. Asili yake ni jimbo la Maine huko Marekani, kwenye theluji, manyoya yale mazito yaliumbwa kwa baridi. Hapa kaskazi ikishika, Bonge mchana kutwa ni wa sakafuni chooni, hataki kuguswa, akichokozwa anapiga mkono. Jioni anarudi kuwa yule yule. Panga michezo asubuhi mapema na usiku, na umchane manyoya kila siku mbili ukianzia sasa, kidogo kidogo, maana akikomaa bila kuzoea chanuo itakuwa vita. Ila akihema mdomo wazi bila kukimbia, au akibadilika ghafla, akawa hataki kuruka au anafoka ukimgusa kiunoni, usiseme ni joto wala utukutu. Aina hii ina ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kunenepa, na matatizo ya nyonga. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Mwambie shemeji paka wa nyumba haingwa, na huyu hajafika hata nusu ya utoto wake. Bonge alianza kutulia kidogo akiwa na mwaka na nusu, na alipopita miaka miwili ndipo nikamjua hasa ni paka wa namna gani: mpole, mwoga wa radi, mwenye kutaka kuwepo kila mahali tulipo.

Niandikie alitolewa kwa mama yake akiwa na wiki ngapi, na kama yuko peke yake mchana mkiwa kazini. Kama anabaki peke yake kutwa, hizo dakika za jioni hazitamtosha, itabidi tupange na za asubuhi.