Kabla hujaomba nafasi ya utafiti wa ubongo, ijue data yako

Tangu nipate nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, simu yangu haipumui. Juzi kijana mmoja wa Maseno kaniandikia: "Habari Daktari. Nimeunda modeli ya kompyuta ya kutambua kifafa kwa EEG (rekodi ya umeme wa ubongo), usahihi asilimia 99. Niombe wapi?" Wengi mmeniuliza hilohilo, basi nawajibu kwa pamoja.

Ndugu zangu, hiyo 99 ndiyo itakayowanyima nafasi. Karibu nyote mnatumia data ya CHB-MIT, rekodi za watoto wa Boston, maana ni ya bure. Mnazikata vipande vya sekunde chache, mnavichanganya, kisha mnatenga vya kufundishia na vya kupimia. Mtoto yuleyule anaangukia pande zote mbili, na modeli inamkariri mtoto badala ya kujifunza ugonjwa. Tena kifafa huchukua dakika chache tu katika saa nyingi za rekodi. Modeli inayojibu "hakuna" kila mara nayo itapata alama za juu. Gawa data kwa mgonjwa: mgonjwa mmoja abaki upande mmoja tu. Sema umenasa vifafa vingapi, na kengele za uongo ni ngapi kwa saa. Kwenye usaili wangu hayo ndiyo yaliyoulizwa kwanza.

Kuna profesa wa ng'ambo aliyewahi kuniambia rekodi za kwetu ni chafu, nitafute data "ya maana". Yaliniuma, na bado yananiuma. Lakini nilikuwa nimekaa kando ya fundi wa EEG hapa Kisumu, nikamwona akitenga rasta za dada mmoja kwa mkia wa kitana, akisugua ngozi, akipaka dawa ya kunatisha, akibandika elektrodi mojamoja. Pale rasta zilipobana, mstari kwenye skrini ulicheza ovyo. Huo si uchafu. Hao ndio wagonjwa wetu, na kifaa hakikubuniwa kwa nywele zao. Hata stima yetu ni ya hezi 50, ya Marekani 60. Ukinakili programu ya Boston pamoja na kichujio chake cha hezi 60, mvumo wa stima unabaki ndani ya rekodi yako. Na huku magharibi mwa Kenya, malaria ya ubongo na mabuu ya tegu wa nguruwe ni miongoni mwa visababishi vya kifafa. Nilipoyaeleza haya kwenye usaili, mazungumzo yalibadilika kabisa.

Kwa hiyo ijueni data yenu. Nendeni hospitalini, ombeni ruhusa ya kamati ya maadili, kaeni na mafundi, ulizeni. Mtu anayemjua mgonjwa hashindwi na mwenye kompyuta kubwa. Msikubali kuambiwa kwamba kutoka huku ni upungufu!

Barua kwa profesa iwe fupi: swali lako, mchoro mmoja, na kosa ambalo modeli yako bado inalifanya. Asipojibu kwa wiki mbili mkumbushe mara moja, kisha mwandikie mwingine.