Nilimnunulia Mama tembe, nikasahau presha

Juzi msomaji wa Kayole aliniandikia: "Dada, baba ana presha. Dukani wananiuzia tembe za antioksidanti, eti zinazuia kiharusi. Ninunue?" Niliusoma ujumbe nikiwa kwenye matatu, na sikuweza kuujibu hadi nilipofika nyumbani. Antioksidanti ni vitu, kama vitamini C na E, vinavyosaidia kulinda seli za mwili zisiharibike.

Mimi nilinunua. Mama alikuwa na presha ya miaka mingi, nami nilikuwa ndio nimeanza kushika mshahara wa maana. Kila mwisho wa mwezi nilipita duka moja la dawa mjini nikamchukulia vitamini E, chupa ya bei ghali, nikampelekea Umoja nikijisikia mtoto mwema. Muuzaji hakuwahi kuuliza presha ya Mama iko ngapi. Wala mimi sikuuliza. Nilikuja kujua baadaye kwamba zile tembe za presha alizopewa kliniki alikuwa ameziacha. Alimwambia jirani, "Hizi za mwanangu ndizo zenye nguvu."

Asubuhi moja nikamkuta mezani, mdomo umepinda, chai inamtoka upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Mpaka leo nikiiona chupa ya aina ile dirishani, naangalia kando.

Baadaye nilianza kusoma. Uswidi walifuatilia wanawake 31,035 wasio na ugonjwa wa moyo. Waliokula vyakula vyenye antioksidanti nyingi zaidi walipata kiharusi kwa asilimia 17 pungufu kuliko waliokula kidogo zaidi, na karibu nusu ya antioksidanti hizo ilitoka kwenye matunda na mboga. Rotterdam, Uholanzi, hawakuona tofauti, lakini huko nyingi zilitoka kwenye kahawa na chai. Kwa hiyo usinywe strungi vikombe sita ukidhani umejikinga. Kuhusu tembe, Uingereza walizijaribu kwa watu 20,536 kwa miaka 5: vitamini C, E na beta-karotini, hazikupunguza kiharusi. Marekani, jaribio ambalo madaktari wenyewe ndio walimeza tembe, lililotangazwa 2008, lilionyesha waliomeza vitamini E wakipata zaidi kiharusi cha damu kuvuja kwenye ubongo. Niliposoma hilo nililia.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kayole, zile pesa mpelekee mama mboga wa mtaani kwako. Sukuma, terere, kunde, nyanya, matunda damu, papai. Mboga isipikwe hadi ibadilike rangi, kwa maana vitamini C haivumilii moto. Tena mboga zina potasiamu, ambayo husaidia kushusha presha. Ila baba akiwa na ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza. Chumvi ipungue, na vile viungo vya paketi tunavyomwaga kwenye kila sufuria vipungue pia, maana vingi vimejaa chumvi. Kula mboga. Narudia, kula mboga.

Lakini kwanza kabisa, leo hii, mpime baba presha, uhesabu tembe zake za kliniki mwenyewe kwa mkono wako. Usiulize kama anameza. Hesabu! Sisi watoto wa Nairobi tunapenda kutuma pesa na zawadi kuliko kukaa na mzazi dakika kumi tukaangalia kopo la dawa. Mboga haichukui nafasi ya dawa ya presha, na mtu asikudanganye.

Mama siku hizi anakata matunda damu kwa mkono wa kushoto. Anakataa nimsaidie. Mimi nakaa pembeni na kile kipimo cha presha, nasubiri amalize.