Waheshimiwa wametajwa, marehemu je?

Swali la wiki mliuliza: "Siku ya Mashujaa, Julai 25, tunaiadhimisha ipasavyo?" Jibu langu liko kwa baba yangu mkubwa, mkulima wa uwele huko Bahi. Alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, akavuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda, akarudi 1979 akiwa mzima, ila sikio moja halisikii tena. Kwenye gwaride haendi. Hukaa na redio yake barazani mpaka sherehe iishe, kisha hunipigia simu huku Dodoma mjini: "Wamewataja?"

Anawauliza vijana watatu wa kijijini kwake walioondoka naye, wasirudi.

Kila mwaka namjibu yale yale: wametajwa waheshimiwa. Mawaziri, mabalozi, mkuu wa mkoa, viongozi wa dini, mpaka mshereheshaji anachoka na kusema itifaki imezingatiwa. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, tarumbeta linalia, tunasimama kimya. Sibezi. Tarumbeta lile likilia hata mimi mwili hunisisimka. Lakini ukimya ule ungebeba majina, hata kumi tu kwa mwaka.

Kasoro hii tumeirithi. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa na Waingereza 1927, ina maandishi yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Izunguke pande zote: jina la askari hulioni. Wapagazi nao wamesifiwa pale kwa jumla jumla. Huku Ugogo vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilichukua wanaume wa kubeba mizigo, vikachukua ng'ombe na nafaka, mvua nazo zikakataa, ikaja njaa ya Mtunya. Waliokufa kwa njaa ile hawakushika bunduki, kwa hiyo hatujui tuwaweke wapi.

Sherehe ya 2016 ilifanyika hapa hapa Dodoma. Waulize watu wanachokikumbuka: Rais Magufuli kutangaza kuwa anahamia Dodoma. Jioni ile mtaani kwetu gumzo lilikuwa viwanja.

Mtaniambia makaburi yapo Kaboya, wilayani Muleba, walikolala mashujaa zaidi ya 600 wa Vita vya Kagera. Ni kweli, na yanastahili heshima yote. Ila nauli ya kutoka Bahi hadi Muleba na kurudi si ya mzee anayetegemea uwele. Mimi ningetaka ubao kwenye ofisi ya kila kijiji kilichopoteza mtu, jina na mwaka, basi. Julai 25 mtendaji ayasome kwa sauti kabla hajamkaribisha mgeni yeyote.

Mwaka jana nilimwomba baba mkubwa anitajie wale watatu huku nikitazama saa. Alitumia sekunde kumi na moja, na katikati aliwahi kunyamaza kidogo.