Mbwa mdogo anayeng'ata vidole akiona bakuli

Dada, umeuliza kwa nini mbwa wako wa miezi miwili na nusu anang'ata vidole akiona bakuli la chakula. Kumlisha asubuhi na jioni tu hakumtoshi, huenda ndiyo maana anarukia mikono. Tumbo lake dogo na mwili unakua haraka. Mpe kidogo kidogo mara 4 kwa siku, akifika miezi minne mara 3, baada ya miezi 6 mara 2. Halafu ugali mtupu haumjengi. Hapo Uyole, Mbeya, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wa Kyela unapatikana: loweka utoke chumvi, chemsha, changanya na ugali, au weka yai lililoiva. Vitunguu usitie kabisa, vinaharibu damu yake.

Akiendelea kuwa na njaa huku tumbo limevimba, shuku minyoo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na akifikisha miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa.

Tafadhali usimpige. Aking'ata, nyamaza, ondoa mkono, mgeuzie mgongo; bakuli lishuke akishatulia. Watoto wasimsogelee anapokula. Akimtoboa mtu ngozi, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.