Nywele za Juni, deni la Machi

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Je, nywele zako hukua sawasawa mwaka mzima, au kila majira yana mambo yake?" Mimi ni msusi hapa Katuba, Lubumbashi, nasukia chini ya mwembe wa parseli yetu (kiwanja cha nyumba) kwa mwaka wa 16 sasa. Kila Juni, posho baada ya posho (ndivyo tunavyoiita wiki hapa kwetu), wateja wananiletea swali hilohilo likiwa lalamiko. Asubuhi baridi inauma, mtu anakuja amejifunika kitenge hadi masikioni, ananionyesha chanuo lililojaa: "Yaya (yaani dada), hii baridi inanimalizia nywele."

Mimi naona baridi inasingiziwa. Si kila mara, lakini mara nyingi.

Sitaki kuwabeza wanaosema majira yana nguvu. Ulaya jambo hilo limepimwa, na mtoto wa dada yangu anayesomea udaktari ndiye aliyenisomea habari zake. Wanaume 14 wa Sheffield, Uingereza, walifuatiliwa kwa miezi 18, matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Nywele zilizokuwa zikikua zilikuwa nyingi kabisa mwezi Machi, zaidi ya 90 katika kila 100, kisha zikapungua mpaka Septemba. Agosti na Septemba kila mtu alikuwa akidondosha nywele kama 60 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya zile za wakati wa baridi ya kule. Hata ndevu zao zilikimbia Julai na kuzubaa Januari. Kule Zurich nako wanawake 823 walichunguzwa, na ikaonekana mwaka 2009 kwamba nywele zilizolala, zile zinazongoja kudondoka, huwa nyingi zaidi Julai.

Sasa tazameni jua la kule. Katikati ya mwaka Sheffield hupata karibu saa 17 za mchana. Desemba hazifiki 8. Inadhaniwa kwamba urefu huo wa mchana ndio unaoamsha nywele na kuzilaza, kama unavyofanya kwa manyoya ya wanyama wengi. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu wa Desemba unaupita ule wa Juni kwa saa moja na dakika 20 hivi. Kama kichwa kinahesabu jua, chetu hakina kikubwa cha kuhesabu.

Basi hizo nywele za kwenye chanuo zimetoka wapi? Mteja akilalamika simbishii. Nachukua unywele mmoja, nauinua kwenye mwanga, natazama ncha zake mbili. Ukiwa na kidonge cheupe kidogo upande mmoja, umetoka na mzizi wake: umedondoka. Usipokuwa nacho, umekatika njiani. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na dawa zake hazifanani.

Nywele nyingi za Juni ninazoshika hazina kidonge. Tangu Mei mvua imekwisha, hewa ni kavu, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sahani. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya kichwani hayashuki vizuri hadi nchani, na kila kona ya mkunjo ni mahali pa kukatikia. Juu yake tunavaa kofia ya sufu, inasugua kutwa. Tena kumbukeni kwamba nywele za Mwafrika hukua karibu robo ya milimita kwa siku, milimita 8 hivi kwa mwezi, wakati za Mzungu hupita sentimita moja. Ukikatikiwa milimita 8 nchani kwa mwezi, utaapa kwamba nywele zimegoma kukua. Hazijagoma. Zinakua chini, zinaliwa juu. Mvua zikirudi Novemba zinashika unyevu, hazikatiki ovyo, watu wanasema "zimeanza kukua". Mwendo wake ni uleule.

Kwa hizo zinazokatika, dawa yake ni ndogo: maji kwanza, mafuta baadaye, kitambaa laini ndani ya kofia, na kusuka kwa uzi kama mama zetu. Wanaokata nywele kwa kufuata mwezi mchanga nawaachia mwezi wao.

Zenye kidonge ndizo zinazonifanya niulize: "Machi ulikuwa wapi?" Mara nyingi jibu ni kitandani. Mvua zina mbu, mbu wana malaria, na homa kali huweza kuzilaza nywele nyingi kwa mpigo mmoja. Zikishalala hazidondoki siku ileile. Hukaa miezi miwili au mitatu ndipo zinatoka. Homa ya Machi inalipwa Juni, wakati mwenyewe amekwisha kuisahau, na baridi ipo hapohapo ya kulaumiwa. Kuzaa nako ni hivyohivyo: mtoto akifika miezi mitatu hivi, mama analia na chanuo. Hapo sina mafuta ya kuuza. Zinarudi zenyewe, kwa miezi. Zikitoka kwa viduara au kichwa kikiwa na magamba, hapo si kwangu tena, ni kwa daktari.

Mwaka juzi mama mmoja alinijia na mfuko wa plastiki, amekusanya nywele zake zote za siku nne. Tuliketi tukazichambua kama mchele. Karibu zote zilikuwa na kidonge, na kweli, mwishoni mwa Februari alikuwa ametundikiwa dripu. Nikamsuka misuko mikubwa isiyovuta, nikamwambia asubiri. Alirudi Novemba. Pembeni mwa paji vinywele vifupi vilikuwa vimesimama wima, havilali hata nikivipaka mafuta. Akanikasirikia: "Yaya, vikate hivi, vinaniharibia msuko." Nikaweka mkasi kwenye kikapu, nikaendelea kusuka.